Kijana wa Kwale, mgongo hauponi kwa mlio mmoja

Umeiona ile video, usiniambie hujaiona. Jamaa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha ngozi, tabibu amemshika shingo, kipaza sauti kimebandikwa karibu na mfupa, halafu: ka-ka-ka! Mgonjwa anacheka huku machozi yanamtoka. Anainuka kama mtu aliyebadilishiwa mwili. Wewe uko kitandani saa sita usiku, simu imekukunja shingo kama ndoano, unajiambia: laiti ningempata huyo mtu hapa Ukunda.

Mimi nilimpata. Au nilidhani nimempata.

Kazi yangu ni kuhariri video na kuandika mitandaoni. Ofisi ni godoro, meza ni mapaja. Baada ya kama mwaka mmoja wa maisha hayo shingo ilianza kuuma, maumivu yakashuka hadi begani, na kila asubuhi naamka kama niliyelalia jiwe. Kuna jamaa tulikuwa tunakutana naye kwenye jimu ya mtaani. Masomo yake yote ya mifupa aliyapata YouTube. Akaniambia, "Kaa hapa, nakutengeneza dakika moja tu, nipe mia tatu." Akanishika kidevu na kisogo, akazungusha. Ka!

Nakwambia ukweli, jioni hiyo nilikuwa mfalme. Shingo nyepesi, nikajipiga picha, nikaposti. Asubuhi yake sikuweza kugeuza kichwa. Kwa siku nne mtu akiniita nageuka mwili mzima, kama roboti. Mamangu alicheka mpaka akaanza kunihurumia.

Siandiki haya ili uogope kuguswa shingo. Naandika kwa sababu vijana wengi wa pwani hii ya kusini tunaumwa na mgongo, shingo na magoti, na tumejigawa makundi mawili: wanaosubiri muujiza wa mlio mmoja, na wanaomeza vidonge kila siku huku wakisema "ni kazi tu". Maoni yangu ni kwamba makundi yote mawili yanakosea kwa namna moja. Kila mmoja anangoja mgongo wake utengenezwe na kitu kingine, yeye mwenyewe akiwa amelala. Mgongo hautengenezwi hivyo.

Tuanze na huo mlio.

Kairopraktiki haikuanzia TikTok. Ilianza mwaka 1895 mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, pale Daniel David Palmer alipomkandamiza mgongo mfanyakazi wa usafi aliyeitwa Harvey Lillard. Palmer aliamini karibu kila ugonjwa unatokana na pingili za uti wa mgongo kukaa vibaya. Hapo sayansi haikumuunga mkono. Lakini kazi yenyewe ya mikono ilibaki, ikakua, na leo mtu huisomea miaka mingi. Hapa Afrika inafundishwa Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban na Chuo Kikuu cha Johannesburg. Miaka hiyo yote si ya kujifunza kuvunja tu. Ni ya kujifunza pia nani hafai kuvunjwa, na hilo ndilo somo ambalo jamaa yangu wa jimu hakulipata.

Na mlio je? Watu hufikiri ni mfupa uliokuwa umetoka sasa umerudi mahali pake. Wapi! Ndani ya kiungo kuna majimaji ya kulainisha, na ndani ya majimaji hayo kuna gesi. Kiungo kikivutwa ghafla, uwazi wa gesi unajitokeza ndani yake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walilionyesha jambo hilo kwa kuvuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya MRI huku wakirekodi. Ndiyo maana ukivunja vidole sasa hivi, lazima ungoje kidogo kabla havijalia tena. Kuna daktari Mmarekani, Donald Unger, aliyevunja vidole vya mkono wake wa kushoto kwa zaidi ya miaka 60, wa kulia akauacha, ili aone kama vitaharibika. Mikono yote miwili ilikuwa sawasawa. Mwaka 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukakufikirisha.

Kwa hiyo mlio peke yake hauharibu kiungo. Lakini pia mlio haurekebishi kitu. Ni mlio tu.

Utaniuliza, mbona basi mtu anasikia nafuu? Kwa sababu misuli iliyokaza inalegea kwa muda na neva zinatulia. Nafuu hiyo ni ya kweli, sitaki kuidharau. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, na tiba ya kukandamiza uti wa mgongo kwa mikono imo katika orodha ya vitu vinavyoweza kusaidia. Kuchua pia kumo, kwa hiyo nyanya yako na mafuta yake ya nazi hayuko mbali na wataalamu. Mazoezi yamo. Kumwelimisha mgonjwa kuhusu mwili wake kumo. Kati ya vitu ambavyo WHO haishauri kama tiba ya kawaida ni mkanda wa kiuno, mashine za kuvuta mgongo, na dawa kali za jamii ya afyuni.

Soma hiyo orodha mara mbili. Mikono ya tabibu inaweza kukufungulia mlango. Kupita mlangoni ni kazi ya miguu yako.

Kuhusu shingo nina neno la ziada. Shingoni mnapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Ikizungushwa kwa nguvu, mara chache sana mshipa unaweza kuchanika ndani na mtu akapata kiharusi. Ni nadra, lakini hakuna mia tatu inayolipia kiharusi ukiwa na miaka 24. Anayekugusa shingo bila kukuuliza maswali, bila kukupima nguvu za mikono, bila kujua kama uliwahi kuanguka au kuugua kifua kikuu, mwambie asante, umepona tayari, ondoka.

Sasa tuje kwa kundi la pili, kwa sababu hilo ndilo linaloniuma zaidi. Limeninyang'anya karibu mtu.

Binamu yangu ni mwendeshaji bodaboda. Steji yake ni Ukunda, ila akipata mteja mzuri anateremka hadi Msambweni, na siku ya bahati mpaka Lunga Lunga. Pikipiki ni ya mkopo. Anaamka alfajiri, analala mwenye pikipiki akishalipwa. Kiuno kilimuanza miaka miwili iliyopita. Alinunua ule mkanda mpana unaoujua, akaufunga kama mpiganaji. Ulipoacha kumsaidia akaanza vidonge vya diklofenaki kutoka duka la dawa, kimoja asubuhi kimoja jioni, mara nyingi tumbo likiwa tupu kwa sababu mahamri angeyala saa nne. Hakuna aliyemuuliza ni wiki ya ngapi. Ilikuwa mwezi wa tano.

Siku moja alitapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Tulimkimbiza hospitali. Vidonda vya tumbo vilikuwa vinavuja damu. Daktari alitueleza kitu ambacho kila steji ya Kwale ingepaswa kukijua: dawa za aina hiyo hupunguza maumivu na uvimbe, lakini zikitumika kila siku kwa muda mrefu huchubua tumbo na huumiza figo, hasa kwa mtu anayeshinda juani bila kunywa maji ya kutosha. Nani anashinda juani bila maji kama mtu wa boda?

Akiwa bado kitandani nikamuuliza, ndugu yangu, mbona hukwenda kuonwa mapema? Akaniambia, "We unaongea kwa sababu mgongo wako hauna mkopo." Sikuwa na jibu siku hiyo. Nimelitafuta tangu wakati huo, na makala hii ni jaribio la kumjibu.

Kwanza, hakuwa mvivu wala mjinga. Kwetu sisi, hasa wanaume, maumivu ni kama cheti cha kazi. Kijana anayelalamika kiuno steji atachekwa: "Umezeeka lini?" Kwa hivyo ananyamaza, anameza. Na wasichana wana lao: unaambiwa mgongo ni mzigo wa mwanamke, vumilia. Tumeyafanya maumivu kuwa tabia njema. Si tabia njema. Ni taarifa kutoka mwilini, na taarifa husomwa.

Pili, watu hukataa mazoezi kwa kusema, "Mimi nafanya kazi ngumu kutwa, mazoezi ya nini? Hayo ni ya watalii." Nami nilifikiri hivyo. Kumbe kazi na mazoezi ni vitu viwili. Angalia akina mama wa Kibuyuni wanaolima mwani: maji yakipwa wanainama saa nyingi wakifunga mbegu kwenye kamba, mgongo umekunjwa upande uleule. Angalia dada wa hoteli za Diani anayetandika vitanda, kona baada ya kona, godoro baada ya godoro. Angalia wachonga mawe ya matumbawe. Angalia binamu yangu: kutwa kwenye kiti, mtetemo unapanda uti wa mgongo, kila tuta ni ngumi ya kiuno. Wote wanachoka, lakini kuchoka si kupata nguvu. Kazi inarudia mwendo mmoja, inatumia misuli ileile, haikupi mapumziko, na mwenye kuamua uzito si wewe. Mazoezi ni kinyume chake: unachagua mwendo ambao kazi haikupi, unaanza na kidogo, unaongeza taratibu, unapumzika.

Tatu, habari njema. Maumivu mengi ya kiuno, WHO inasema takriban asilimia 90, hayatokani na mfupa uliovunjika wala ugonjwa mbaya unaoweza kuonekana kwenye picha. Maana yake mara nyingi huhitaji eksirei ya gharama kabla hujaanza. Na ule ushauri wa zamani wa kulala kitandani wiki mbili usahau. Kulala sana kunafanya misuli ilegee, na mgongo ukiamka unauma zaidi.

Shingo yangu nilipeleka hatimaye kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya umma. Nilikuwa natarajia kuvunjwa. Dada yule hakuvunja chochote. Alinipima nguvu za mikono, akaniuliza nalalaje, nakaaje, nafanya kazi saa ngapi. Kisha akanionyesha mambo machache na kuniambia nisirudi kabla sijayafanya wiki mbili. Kusema kweli nilihisi nimetapeliwa. Nilitaka dawa, nikapewa kazi ya nyumbani, na mimi na kazi za nyumbani tuliachana tangu nilipoacha chuo.

Kazi zenyewe ni hizi, na nyingine alimwonyesha binamu yangu baadaye:

Shingo. Kaa wima, rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, kama mtu anayekwepa busu. Shika sekunde tano, achia. Mara kumi, asubuhi na jioni. Kichwa chako kina uzito wa karibu kilo tano, na kikining'inia mbele ya kifua kutwa nzima misuli ya shingo ndiyo inayokibeba.

Daraja. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo chini. Inua nyonga mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini. Shika sekunde tano. Mara kumi. Hapa unaamsha misuli ya makalio, ambayo kiti cha pikipiki huilaza.

Mtoto anayetambaa. Piga magoti, mikono chini. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo usiyumbe. Hesabu hadi kumi, badilisha. Utacheka siku ya kwanza, siku ya pili utatoka jasho.

Kwa watu wa boda: kila ukishusha mteja, shuka nawe. Weka mikono kiunoni, pinda nyuma polepole mara tano. Nusu dakika. Hata mteja hajamaliza kutuma pesa kwa M-Pesa.

Misuli ikiuma kidogo kesho yake ni kawaida. Ukipata maumivu makali yanayoshuka mguuni kama umeme, acha hiyo, nenda ukaonwe.

Na kubwa kuliko zote ni kutembea. Mwaka 2024 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti wa Australia uliohusisha watu 701 ambao kiuno kilikuwa kimewauma kikapona. Kundi moja lilielekezwa na wataalamu wa fiziotherapia kutembea, wakiongeza kidogo kidogo kuelekea dakika 30, mara tano kwa wiki. Kundi jingine halikupewa kitu. Katika kundi la watembeaji, mtu wa katikati alikaa siku 208 kabla maumivu hayajamrudia. Katika kundi la pili ni siku 112. Karibu mara mbili, kwa dawa isiyouzwa duka lolote.

Watu huvuka dunia nzima kuja kutembea kwenye mchanga wa Diani, nasi tulio na mchanga huo mlangoni tunaupita kwa pikipiki. Inashangaza, au vipi?

Najua utasema ni rahisi kwangu kuandika. Basi niseme upande mwingine pia: si haki kumwachia kijana peke yake mzigo wa mgongo ambao kazi ndiyo iliyouumiza. Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia tangu mwaka 2014, na baraza la kuwasajili. Wataalamu wapo. Lakini binamu yangu hakuwahi hata kusikia neno fiziotherapia hadi alipotapika damu. Hospitali ya Rufaa ya Msambweni ni mwendo kutoka steji nyingi, na mtu aliyefungwa na deni la siku hatapoteza nusu siku akisubiri foleni kwa ajili ya kiuno. Basi huduma imfuate. Kaunti imlete mtaalamu mmoja stejini mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kazi, awaonyeshe watu mambo manne hayo. Hoteli ziwape watandika vitanda dakika tano za kujinyoosha kabla ya zamu, zihesabiwe kuwa saa za kazi. Vyama vya bodaboda vinavyochangishana wakati wa msiba vichangishane pia kabla ya msiba. Na muuza dawa akimwona kijana yuleyule akinunua vidonge vilevile wiki ya tatu, amuulize swali moja tu: umeonwa?

Nawe ukienda kwa mtu anayejiita tabibu wa mgongo, awe wa kairopraktiki au wa fiziotherapia, muulize amesomea wapi na amesajiliwa na nani. Aliyesoma hatakasirika. Muulize pia atakupa mazoezi gani ya kufanya nyumbani. Akikujibu kwamba huhitaji, wewe urudi tu kila wiki na pesa, umeshapata jibu.

Kuna dalili ambazo hazingoji mazoezi wala makala yangu. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mguu ukikosa nguvu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata ni usiku. Maumivu yakiwa na homa, kutokwa jasho usiku na kukonda, usiyachue. Yapimwe, kwa sababu kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Na baada ya ajali, usimruhusu mtu yeyote akunyooshe pale barabarani.

Binamu yangu amerudi kazini. Mkanda ameutundika ukutani. Kiuno bado kinamuuma siku nyingine, sitakudanganya. Alianza kuona tofauti kama wiki ya saba, si dakika ya kwanza. Mimi shingo inanikumbusha nikikaa na laptopu saa tatu mfululizo, nainuka. Jumapili, maji yakipwa na mchanga ukiwa mgumu, tunatembea kutoka Kongo karibu na msikiti wa zamani, tukielekea kusini. Dakika 15 kwenda, 15 kurudi. Yeye analalamika njia nzima kwamba ninampotezea wateja. Lakini Jumapili iliyopita yeye ndiye aliyenipigia simu kuniamsha.

Wewe je, unaanza lini? Weka hiyo simu chini kwanza. Rudisha kidevu nyuma. Sekunde tano.